Kompyuta ya Kuzimwa Ghafula

Binti yetu aliniuliza kwa simu kutoka Ulaya, "Mama, nitume kompyuta gani ya kuongoza mashine?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, hapa Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, mahali pekee katika kiwanja chetu ambapo mtandao unashika. Alikuwa amemtafutia baba yake kamera ya kupigia nyota, iliyotumika, pamoja na darubini fupi na kitako chenye mota kinachozunguka polepole kufuata anga. Kilichobaki ni kuchagua kitu cha kuviamuru vyote: kompyuta, na programu ya kuweka ndani yake. Baba yake alikuwa amekaa kwenye mlango wa nyuma, mikono juu ya magoti, akijifanya hasikii.

"Muulize mwenyewe," nikasema.

"Nimemuuliza. Anasema yoyote, bora izimike haraka."

Binti akacheka. Mimi sikucheka.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya reli. Mimi nilifundisha hesabu katika shule ya sekondari, na hadi leo nafundisha. Wakati wa vita treni ziliacha kuja, karakana ikanyamaza, naye akaanza kutengeneza vitu ambavyo hakuna aliyemwagiza. Kimoja kilikuwa mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na katikati yake parafujo ndefu yenye mpini. Juu tulifunga kamera ya filamu tuliyoazimwa na mpiga picha wa sokoni, ambaye harusi zilikuwa zimemwishia. Dunia inazunguka, kwa hiyo ukiacha kamera wazi dakika kumi nyota zinatoka mistari. Lakini ukizungusha ile parafujo mzunguko mmoja kila dakika, ubao unapanda kwa mwendo wa anga, na nyota zinabaki nukta.

Hesabu ilikuwa yangu. Parafujo iliyonyooka haiwezi kufuata duara sawasawa, inakosea kidogo kidogo. Niliandika kwenye karatasi ya daftari safu mbili za namba, dakika upande mmoja, marekebisho upande wa pili. Yeye alizungusha mpini. Mimi nilisoma saa na ile karatasi kwa tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, maana mwanga mwekundu hauharibu macho yaliyozoea giza. Tulifanya hivyo jioni za kiangazi, tukiisha kula, kama kulikuwa na cha kula.

Mji ulikuwa umezingirwa. Askari walishika mji, wapiganaji walishika msitu, na aliyetoka kwenda shambani hakujua kama atarudi. Tulichuma matembele yaliyoota kandokando ya reli, na mchicha wa makaburini. Watu wameniuliza mtu mwenye njaa anapataje moyo wa kushughulika na nyota. Ilikuwa ndiyo saa pekee katika siku ambayo hatukuzungumza habari ya chakula.

Mtu aliuona ule mwanga mwekundu. Nani, sikujua, na sasa sitaki kujua.

Walikuja asubuhi, askari wanne na mkubwa wao. Nilikuwa namwogesha binti yetu, wakati ule mtoto wa miaka mitatu. Waliutoa ubao nje wakauweka juu ya mchanga, na juu yake wakaweka tochi na karatasi ya namba.

"Hii iko nini?" mkubwa akamuuliza mume wangu.

"Njo ya kupiga foto ya nyota."

Wakacheka. Kisha yule mkubwa akanigeukia mimi. Alikuwa mtu wa sauti ya upole.

"Wewe njo mwalimu. Hizi namba ni za nini? Unawaonyesha watu wa msituni kitu gani na hii tochi?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwake, upande wa mwandiko wangu ukinitazama. Nilimbeba mtoto, maji yakinitiririkia kwenye kitenge. Nikasema, "Sijui. Hayo ni mambo yake."

Mume wangu hakunitazama. Wakamchukua pamoja na ubao, tochi na karatasi.

Alirudi siku ya kumi na moja, kwa miguu yake mwenyewe. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa vyote, na viwili vya kushoto. Hospitali haikuwa na kitu, muuguzi akavifunga kwa vipande vya bokisi na kitambaa. Vilipona vimepinda. Karakana ilipofunguliwa tena hakuweza kushika hata spana, wakamweka kuwa mlinzi wa geti. Hakuniuliza kuhusu maneno yangu, nami sikuyataja. Tulizaa watoto wengine wawili, tukamzika mmoja. Ndivyo miaka zaidi ya ishirini ilivyopita.

Kwa hiyo binti aliposema "izimike haraka", nilijua maneno hayo yametoka wapi.

Kuchagua kifaa chenyewe hakukuchukua muda mrefu. Kompyuta ya kupakata ingemaliza betri ya gari tunayoitegemea kwa umeme kabla ya saa mbili kuisha. Kulikuwa na kisanduku kizuri kinachoongozwa kwa simu, kila kitu ndani, lakini kinakubali kamera za mtengenezaji wake tu, na yetu ilikuwa ya mwingine. Ikabaki ile kompyuta ndogo ya ukubwa wa sabuni ya kufulia, unayoijaza programu za bure na kuipa umeme wa betri. Binti akasema inaweza kurusha mtandao wake hewani, nikae ndani ya nyumba na kuiamuru kwa simu.

Mume wangu, akiwa bado amekaa mlangoni, akakataa. "Hakuna kurusha kitu hewani. Waya."

"Baba, siku hizi kila muntu iko na Wi-Fi," binti akasema kwenye spika ya simu.

"Waya," akasema tena.

Tukachagua waya, na kioo kidogo cha kuunganisha kwenye kompyuta, kinachotumia umeme wa betri ileile. Ramani za nyota, ambazo programu inazihitaji ili itambue inatazama wapi, binti alizipakia kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu mtandao wetu ungezishusha kwa mwezi mzima.

Njia ya Goma ilikuwa imefungwa na vita vingine, hivyo kifurushi kilizunguka kupitia Kinshasa. Kilipofika hapa uwanja wa ndege tuliitwa. Kijana mmoja aliyevaa nguo za kiraia alikuwa amekifungua na kupanga vitu vyetu mezani: mota, nyaya, kamera isiyo na kifuniko.

"Mama, hii njo ya drone?"

"Hapana, shefu."

"Sasa iko ya nini?"

Nikamweleza. Nilichukua kalamu yake nikachora dunia, mhimili wake, na Kindu karibu kabisa na mstari wa ikweta. Nikamweleza kwa nini mota lazima izunguke kwa mwendo ule na si mwingine, na kwa nini picha fupi nyingi zinajumlishwa kuwa moja. Nilimpa namba zote. Niliongea karibu nusu saa, kwa sauti ya darasani, na watu waliokuwa wakisubiri mizigo yao wakasogea kusikiliza. Mume wangu alisimama karibu na ukuta, mikono ndani ya mifuko ya koti.

Kijana alinisikiliza hadi mwisho. "Umeeleza muzuri, Mama Mwalimu," akasema. "Lakini itabakia hapa kwanza."

Ilibaki wiki tatu.

Siku ile tulirudi nyumbani kila mtu nyuma ya pikipiki yake ya kukodi. Nilianza kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Yeye akavuta kiti, akakaa mbele yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Leo umeeleza vizuri," akasema. "Hata mimi nimeelewa."

Nikaendelea kuchambua.

"Kule waliniuliza zile namba. Kila siku waliniuliza. Ya kwanza ni ya nini, ya pili ni ya nini. Sikujua kuzieleza. Mimi nilijua kuzungusha tu." Akaviangalia vidole vyake. "Walifikiri ninaficha. Kama ningejua, ningewaeleza."

"Ungewaambia ni mwandiko wangu."

"Na mutoto angebakia na nani?"

Nilimwambia basi kile nilichokuwa nimekibeba. Nilimwambia kwamba nilisema sijui, na kwamba nilijua. Alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari ya jana.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilisikia."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba pia. Alikaa pale hadi sombe ikaisha, kisha akarudisha kiti mahali pake.

Vitu viliporudishwa, kioo cha ndani cha kamera kilikuwa na mkwaruzo mwembamba ambao hakuna kitambaa kilichoutoa. Nyaya zote zilikuwepo. Nilishukuru, nikatia sahihi.

Kulikuwa na programu mbili za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, vitufe vikubwa, picha ya anga inayosogea. Ya pili ilikuwa na maandishi madogo na madirisha yanayofunikana. Nilizijaribu mchana sebuleni, kamera imefunikwa, inapiga giza tupu, picha ishirini kila moja. Kwenye picha ya saba nilimwambia mume wangu achomoe waya wa betri. Alichomoa kwa kiganja na kidole gumba, haraka kuliko nilivyotarajia.

Tulipowasha tena, programu nzuri haikukumbuka kitu. Ilitaka tuanze upya, tuandike orodha upya. Ile mbaya ilichukua dakika mbili kuamka, kisha ikaonyesha picha zilizokamilika zimehifadhiwa, na ikauliza kama iendelee na zilizobaki. Tukarudia. Akachomoa mara tano, na mara tano ikarudi pale ilipoachia.

"Hii," akasema.

Nilitaka kumwonyesha mambo mengine, namna kila moja inavyosahihisha makosa ya mota, namna ya kuchagua joto la kamera. Hakuvutiwa. Alikuwa amepata alichokuwa akitafuta.

Shida ya mwisho ilikuwa ya hapa kwetu. Mhimili wa kitako lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote zinaizunguka, na kwetu ncha hiyo imelala karibu chini kabisa upande wa kusini, nyuma ya michikichi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Kitako kilitengenezwa kwa watu wa nchi za mbali na ikweta, hakikuweza kuinama kiasi hicho. Mume wangu akanielekeza kukata kabari ya mti mgumu, nikaikata mimi kwa msumeno wake, naye akinigombeza kila nilipopinda. Programu yetu haikuhitaji kuiona ncha. Ilipiga picha tatu katika sehemu tatu za anga, ikazilinganisha na ramani, ikatoa namba: umekosea kiasi hiki juu, kiasi hiki kulia. Nilikaza na kulegeza boliti, yeye akisoma namba kwenye kioo tulichokipunguza mwanga hadi karibu kufa.

"Bado. Bado. Umepitisha. Rudisha kidogo. Hapo."

Tulianza saa moja na nusu jioni. Kundi la nyota la Nge lilikuwa juu. Tulichagua wingu jekundu la gesi lililo karibu na mkia wake, picha za dakika mbili mbili. Ya kwanza ikaingia, kisha ya pili. Kwenye ya nne tulisikia viatu barabarani, watu kadhaa wakitembea pamoja. Nilikuwa bado nasikiliza wakati kioo kilipozimika. Alikuwa ameuchomoa waya na kuukumbatia kifuani.

Walikuwa wanakwaya wanaotoka mazoezini. Walipita wakiongea kuhusu sare.

Tukawasha. Programu ikapiga picha moja, ikajitambua, ikairudisha darubini mahali pake, ikaendelea. Alichomoa tena kwa ajili ya pikipiki, na kwa ajili ya majirani wawili waliokuwa wakigombana, na mara moja kwa ajili ya kitu ambacho mimi sikukisikia. Kati ya picha arobaini tulizopanga tulipata kumi na tatu.

Kiangazi chote kilikwenda hivyo. Nilizijumlisha zote zilizofaa, na wingu likatokea hafifu, na ule mkwaruzo wa kamera ukilikata pembeni. Nilimpa simu alitazame. Aliishika kwa viganja viwili, kwa muda mrefu.

"Iko muzuri?" nikauliza.

"Iko."

Wiki ile malori yenye askari yalianza kuingia mjini, na watu waliokimbia kutoka upande wa mashariki wakalala kwenye madarasa yangu. Mume wangu akasema tuifiche mashine. Tuliifungua kipande kwa kipande, mchana, mlango umefungwa. Kompyuta niliifunga ndani ya soksi. Aliuliza tutaweka wapi mota isishike kutu mvua ikianza. Nikamwambia ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na mchele mkavu, chini ya kitanda. Akasema mchele lazima ubadilishwe kila mwezi.

Naubadilisha kila mwezi.