Udongo Unaopimwa kwa Jino

Saa mbili asubuhi, Bi Chekeche ameketi kwenye kigoda uani, beseni la plastiki katikati ya miguu. Anachota unga wa udongo wa kijivu kwa ncha ya kidole, anauweka kwenye meno ya mbele na kuusaga taratibu, macho kayafumba. Kisha anatema.

"Bado," anasema. "Kuna chembe inalia."

Wanawake wa mtaani huununua udongo huu kwa kopo. Huukoroga na maji, wakaupaka usoni au kichwani, wakauosha kabla haujakauka. Ndoo nne za udongo mbichi kutoka mlimani, nyuma ya machimbo ya mawe, hutoa kopo moja tu. Bi Chekeche huuloweka, huuanika kivulini, huutwanga, kisha huuchekecha mara tatu: kwenye waya, kwenye pazia kuukuu, na mwisho kwenye soksi ya nailoni. Ndiko jina lake la utani lilikotoka. Lakini neno la mwisho ni la jino.

Leo amechekecha mara nne. Kopo hili ni la mdogo wake.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wake alikuwa msusi mwenye saluni yake, na udongo alitumia wa dadake tu. Msimu mmoja mvua zilichelewesha kazi. Bi Chekeche akatoka kung'olewa jino, akapita moja kwa moja uani, akaonja udongo uliochekechwa mara mbili.

"Mdomo ulikuwa umekufa ganzi," anakumbuka. "Nikaona laini kama maziwa. Jamani, siku ile hata kokoto ningeiita laini!" Anajaribu kucheka, anashindwa.

Udongo ule ukaenda saluni, na mchanga uliobaki ulimchubua uso mteja, wiki moja kabla ya harusi yake. Michubuko ikatunga usaha. Lawama zote zikamwangukia msusi, wateja wakahama, saluni ikafungwa.

"Aliniuliza swali moja tu: 'Dada, ulichekecha mara ngapi?' Nikamwambia tatu. Nilimdanganya mdogo wangu mchana kweupe, na alijua. Tangu siku hiyo hakunisemesha."

Mwaka jana mdogo mtu aliugua, na dawa kali zikamaliza nywele zote. Sasa zinaota upya, ila ngozi ya kichwa imekauka na inamwasha. Daktari amemruhusu udongo, mradi uwe safi kabisa. Jumapili akapiga simu. Alisema neno moja: "Nitengenezee."

"Sijalala vizuri tangu hapo," anasema Bi Chekeche. "Sina ninachotaka kingine. Nataka akae hapa, nimwoshe kichwa kwa mikono yangu. Nywele zikijaa afungue saluni yake, na mimi nimpelekee udongo kama zamani. Akikubali."

Mlango wa uani unagongwa. Anaingia mwanamke mwembamba, kajifunga kitambaa kichwani. Anatazama beseni, anatazama soksi. Hasalimii.

"Umechekecha mara ngapi?"

Bi Chekeche anafuta mikono kwenye gauni.

"Nne. Na bado kuna chembe. Na ile siku zilikuwa mbili, mdogo wangu. Hazikuwa tatu."

"Najua, dada."

Anavuta kigoda cha pili, anakaa, anaanza kufungua kitambaa.

"Ongeza ya tano. Mimi sina haraka."