Kigoda cha Mavuno

Mimi biti feki za drili, hizi za kutobolea, zinanitia hasira kuliko kitu chochote sokoni, Mungu anisamehe. Nauza vifaa vya ujenzi na useremala hapa Ngarenaro tangu marehemu baba aniachie duka, na kila siku anaingia mtu: "Selemani, nipe ile ya bei ya chini." Nampa. Kesho anarudi nayo imepinda kama kijiti cha mshikaki, ananinunia mimi. Sasa mimi ndiye niliyeipinda?

Mzee Nathanael hakuwa hivyo. Ni Mmeru wa Makumira, dereva wa lori mstaafu. Mkewe alishafariki, na binti yake Anna ameolewa Mwanza, anapiga simu akikumbuka. Useremala aliuanza uzeeni ili siku ziende, hauzi chochote. Alipoingia dukani mara ya kwanza alinionyesha picha kwenye simu: kigoda cha miguu mitatu, mguu mmoja umechomoka.

"Shikamoo mzee. Matundu haya uliyatoboa na nini?"

"Marahaba. Na hii." Akatoa mfukoni biti ya zege.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. "Mzee wangu, hii ni ya ukuta! Ona hapa kwenye ncha, kimebandikwa kipande cha chuma kigumu, butu. Hii haikati mbao, inaisaga na kuiunguza."

"Kumbe ndiyo maana ilitoa moshi," alisema taratibu.

Akanieleza. Kanisani kwao, sikukuu ya mavuno kila mtu hupeleka alichonacho, mkungu wa ndizi, kuku, debe la maharage. Ibada ikiisha vinanadiwa nje. Mnunuzi anaweza kubeba kitu chake, au akamzawadia mchungaji, mgeni, yeyote anayempenda. Mwaka uliopita yeye alipeleka hicho kigoda. Mzee wa kanisa Thomasi akakinunua, akakikalia palepale, puu, chini! Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka.

"Mwaka huu napeleka kingine," alisema. "Kisimwangushe mtu."

"Kwani lazima kigoda? Si upeleke jogoo, mambo yaishe?"

"Jogoo ataliwa, basi. Kigoda kikikaa nyumbani kwa mtu, mimi ninapata sababu ya kupita. Nabisha hodi, nasema nimekuja kukiangalia kama hakijalegea. Mzee kama mimi ukienda kwa watu hivihivi, wanaona umefuata ugali."

Loo! Alisema hivyo huku anachezea boksi la misumari, wala haniangalii. Na mimi na mdomo wangu mrefu, nikamwaga tu biti zote juu ya kaunta.

Tulizichagua asubuhi nzima. Kwanza niliziviringisha juu ya kioo, moja moja: iliyonyooka inakwenda kimya, iliyopinda inarukaruka. Nyingi zikaenda pembeni. Zenye rangi ya dhahabu zilimvutia, nikamkataza, nikamwambia rangi haikati mbao, na mara nyingi imepakwa kuficha chuma kibovu. Nikamwonyesha ya mbao yenyewe ilivyo. Katikati ina ncha kali, inakaa palepale ulipotia alama, haihamihami. Pembeni ina makucha mawili yanayochora duara kwanza, ndipo ichimbe, kwa hiyo mdomo wa tundu unatoka safi. Akaigusisha kwenye ukucha wa kidole gumba kama nilivyomfundisha, nzuri inakwaruza, mbovu inateleza. Mwisho nikaifunga kwenye drili yangu, tukatoboa kipande cha mbao ya mringaringa.

"Ikitoa unga na moshi, nirudishie. Ikitoa maranda, nenda nayo."

Ilitoa maranda marefu. Mzee akaingiza kidole kwenye tundu, akakizungusha, akatabasamu.

"Ila ujue," nikamtania, "mguu ukikaa kwenye tundu kama hili haulegei ng'o. Utapitia kuangalia nini?"

"Wao hawalijui hilo," akasema, tukacheka wote.

Baada ya hapo akawa haishi kuja. Mara anauliza gundi, mara anataka nimweleze upya habari ya makucha ya biti, wakati anaijua kuliko mimi. Nilielewa kwamba hafuati biti. Iliniuma, lakini wateja walikuwa wengi, na siku nyingine nilimjibu huku napima misumari ya mtu mwingine.

Sikukuu ilipofika akanialika nikaone kazi ya biti yangu. Nikaenda na pikipiki, nikasimama getini kwa heshima, mimi Mwislamu kwenye mavuno ya watu. Mzee alikuja kusimama nami. Kigoda kilipoinuliwa, watu walianza kumcheka Thomasi kabla hata hajakaribia. Akakikalia polepole, ameshika suruali. Kikatulia. Akajirusharusha. Kikatulia! Vigelegele vikapigwa.

Mnada ukapamba moto. Thomasi akataja bei, Mama Nice akaongeza, Thomasi akaongeza tena. Mama Nice ana duka la vitenge Usa River, na nyumba imejaa wajukuu. Mzee Nathanael alinishika mkono akaubana kweli.

"Kwa Mama Nice kuna watoto," alininong'oneza. "Kitakaliwa."

Mama Nice akashinda. Akakiinua juu ya kichwa chake, akasema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Na mimi namzawadia Mzee Nathanael mwenyewe! Anaishi peke yake, jamani, na yeye apate pa kukalia!"

Watu walishangilia kuliko walivyoshangilia kitu chochote siku hiyo. Mkono wa mzee ukaniachia. Akaenda mbele, akampa Mama Nice mkono, akasema ahsanteni, Mungu awabariki, akarudi na kigoda chake kwapani. Nilipandwa na hasira, wallahi, na sikuwa na wa kumkasirikia, maana yule mama alitoa kwa moyo mweupe. Ningewaambia nini? Kwamba huyu mzee hataki kigoda, anawataka ninyi? Ningemvua nguo mbele ya watu.

Nikampeleka nyumbani. Sebuleni vigoda alivyojifunzia vimepangwa ukutani, vimefunikwa vitambaa vya marehemu mkewe.

"Mzee," nikasema, "hiki nipe mimi nikiweke dukani. Uwe unakuja kukiangalia."

"Hapana, mwanangu. Zawadi ya kanisani haigawiwi. Mama Nice akija akikikosa, je?"

"Kwani Mama Nice atakuja lini?"

Lilinitoka tu, na nilitamani nilirudishe mdomoni. Mzee alikipangusa kigoda kwa mkono wa shati, akautikisa mguu mmoja, ukagoma, akatikisa mwingine, nao ukagoma. Kisha akakiweka karibu na mlango, pale wanapokaribishwa wageni.

"Atapita," alisema. "Si atataka kukiangalia kama hakijalegea?"