Zimwi la Godoro

Watu wa Mgogoni hawatishiki kirahisi. Nilipowaambia kwamba nataka kutengeneza filamu ya kutisha, ya kiumbe kilichoshuka kutoka sayari nyengine, hakuna aliyenikataza, walinicheka tu. Jirani yangu, bibi mmoja mjane mwenye maneno makali, alikuja ukumbini kwangu kulitazama zimwi lenyewe likikatwa kwa kisu kutoka kwenye godoro la sponji. Alilibonyeza kwa kidole, likabonyea.

"Mwanangu," akaniuliza, "wataka kututisha kwa kitu tukilaliacho?"

Maneno yale yaliniuma. Tangu siku ile sikutaka tena kusifiwa; nilitaka mtu mmoja tu wa kijiji hiki aogope kwelikweli mbele ya kazi yangu.

Hata hivyo, Mungu awalipe, walionicheka ndio walionisaidia. Chombo cha angani kilikuwa dishi bovu la televisheni, tukalipindua na kulibandika karatasi za rangi ya fedha. Macho ya zimwi yalikuwa taa za pikipiki. Shemeji yangu, seremala, alikubali kulivaa godoro lile juani, na kila tulipopumzika alitoka ndani yake amelowa chapachapa, wala hakulalamika. Kamera ilikuwa ya mpiga video wa harusi kutoka mjini Chake, na mkono wake ulishazoea maharusi: alilipiga picha zimwi taratibu, kuanzia miguuni, akapanda mpaka usoni, akatua hapo kama anasubiri litabasamu. Nilimgombeza, kisha nikamwacha maana ilipendeza.

Tukabakisha tukio moja, ndilo kubwa: zimwi linatokea, watu wanakimbia. Ilikuwa lazima tulimalize alasiri ile, kwani kesho yake kamera ilikuwa na harusi. Wanakijiji walijaa kwenye uwanja wa bibi jirani, ambako karafuu zake zilikuwa zimeanikwa majamvini. Nikawapa ishara. Zimwi likatoka mikarafuuni, likanguruma, watu wakaanza kukimbia vizuri kabisa, na hapo hapo mvua ikashuka.

Kwetu, mvua ikizikuta karafuu jamvini, hakuna anayeuliza ni za nani. Wote waligeuka, wakalikimbilia zimwi, wakalipita, wakapiga magoti kuanua. Na zimwi nalo likapiga magoti, likazoa karafuu kwa makucha yake, huku bibi akilihimiza liache uvivu. Karafuu ziliokoka. Godoro lilikunywa maji mpaka kichwa kikakatika. Nililia pale pale kwa hasira, mbele ya watu. Mpiga video hakuzima kamera.

Kwa kuwa sikuwa na tukio jengine, nikalitia lile lile. Nilichoweza kufanya ni kuipandisha sauti ya mvua, ili ifunike vicheko vya waliokuwa wakianua.

Tulioneshana filamu mchana, kwenye darasa ninalosomesha, msimu wa karafuu haujesha. Madirisha tuliyaziba kwa kanga, spika kubwa tuliziazima. Zimwi liliposhuka, walicheka. Lilipomla mbuzi, walicheka zaidi, na bibi jirani, aliyekaa mstari wa mbele, akataka kujua kama godoro limeshakauka. Nilikuwa nimesimama nyuma, najuta kuzaliwa.

Kisha wale watu wa kwenye filamu wakaanza kukimbia, na ile mvua ikaja. Ilitoka kwenye spika kwa kishindo, ungedhani inapiga juu ya bati letu. Bibi aliinuka.

"Karafuu zangu," alisema, si kwa sauti kubwa, na sauti yenyewe ilitetemeka.

Darasa zima likainuka nyuma yake. Mabenchi yalipinduka, viatu vikabaki mlangoni, na shemeji yangu, aliyelijua tukio lile kuliko sote, naye akatoka mbio.

Nilikwenda kusimama mlangoni. Nje jua lilikuwa kali, hakuna hata wingu, na watu wangu wanakimbia huku nyuso zimewasawijika. Nilimshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, aliyevaa godoro, aliyeazima spika, na aliyenicheka. Bibi alikuwa wa kwanza kugundua. Alisimama katikati ya uwanja wa skuli, akatazama juu, kisha akanigeukia, mkono kifuani, bado anahema.

"Umenitisha, mwanangu," alisema. "Haya, rejesha nyuma. Hatujaiona yote."