Ngano Niliyoiosha Rangi

Kuna siku naikumbuka kuliko siku ya arusi yangu, mwanangu, na kila nikiikumbuka nageuza viganja vyangu nivitazame. Vilikuwa vya pinki mpaka kwenye kucha. Nilivitazama nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka!

Umeniomba nikufundishe mkate wa ngano nzima, ule mzito wa kushibisha, si hiyo sponji mnayonunua madukani hapa Nyeri mkaibeba kama mnabeba hewa. Nitakufundisha. Unga wake unakunywa maji kuliko ule mweupe, kwa hiyo usiogope ukikunata vidoleni. Wengine wakinatwa wanaanza kuongeza unga, wanaongeza, wanaongeza, halafu wanawapa wageni tofali. Ukishautia maji uuache upumzike nusu saa ndipo uukande, pumba zipate kulainika. Hamira kidogo, subira nyingi. Mkate ukitoka motoni uugeuze, uugonge kwa kidole upande wa chini. Ukilia kama mlango unaobishwa, umeiva. Hayo hata simu yako inayajua. Lakini mimi nina swali moja ambalo simu haikuulizi, na siwashi moto mpaka ulijibu: ngano yako imetoka wapi?

Usinicheke. Keti kwanza.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu katika ndoa, hapa hapa Majengo, msichana mwenye mikono myepesi na masikio mazito. Mume wangu alikuwa kibarua katika shamba kubwa la ngano huko Kieni, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa na mama yake, niliyemwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu chetu. Maitu alikuwa ameingiwa na kisukari, na daktari alikuwa amemkataza mkate mweupe. Mama yule na mkate! Chai bila mkate aliiita maji ya kuogea. Sasa akawa anakaa na kikombe chake asubuhi, anakitazama, anakirudisha chini. Iliniuma. Daktari alikuwa amesema akitaka mkate uwe wa ngano nzima, tena kipande kidogo, nami nikaapa kwamba nitampikia kwa mikono yangu.

Fundi alikuwa jirani. Bi Zuhura, mjane wa Kiislamu, aliyezaliwa mtaa huu na mama yake akazaliwa mtaa huu. Alipika mkate ndani ya sufuria, makaa chini, makaa mengine juu ya kifuniko, na ukiiva mtaa wote unajua. Alinifundisha kukanda akinipiga vikofi vya mkono: "Usiubembeleze, unga si mtoto!" Alinipa hamira. Akaniambia nitafute ngano safi, niipeleke kwenye mashine ya posho isagwe bila kukobolewa. Akaniuliza, "Ngano unayo?"

Nikasema, "Niko nayo."

Nilikuwa nayo kweli. Chini ya kitanda kulikuwa na ngano nusu gunia, katika gunia kuukuu la sukari. Mume wangu alikuwa amepewa na msimamizi wao baada ya kupanda kwisha, apande kwenye kipande chetu cha shamba. Aliniambia, "Hiyo ni ya kupanda, isiguswe." Basi. Hakueleza, nami sikuuliza. Nilidhani ni ubahili wa wanaume. Mikebe minne ikitoka nani atajua?

Nilipofungua gunia nikaona ngano ni ya pinki. Punje zote, kama zimepakwa rangi ya midomo. Sasa sikiliza akili yangu ilivyofanya kazi, ushangae. Nilijiambia, tajiri wa shamba amepaka rangi ngano yake ili kibarua akiiba akamatwe nayo, itambulike. Nikamcheka yule tajiri. Nikasema, rangi si inatoka kwa maji?

Nikaiosha. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili pinki, ya tatu yakatakata kidogo. Niliisugua mwanangu, niliisugua kama nguo ya shule! Ikarudi rangi yake ya ngano, nzuri ajabu, nikaianika juani siku nzima. Karai nililoioshea nikaliegemeza ukutani uani na duara la pinki ndani yake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Nikaenda kwenye mashine asubuhi. Karanja, mwenye mashine, mtu mweupe kwa unga mpaka kwenye kope, alitia mkono kwenye ndoo yangu akanusa.

"Hii ngano umetoa wapi?"

"Ya nyumbani."

Aliniangalia kidogo, halafu foleni ikamsukuma. Akanisagia. Nyuma yangu walikuwa wanawake watatu na mahindi yao, wa mwisho kabla mashine haijapumzishwa mchana. Wawili walimwachia ndoo zao waende sokoni, wazichukue jioni. Wa tatu, Mama Wairimu kutoka Kamakwa, alisimama akangoja yake. Alikuwa na mtoto mgongoni, wa meno mawili, na aliniambia kwa furaha kwamba mtoto ameanza kupenda uji. Nikamshika mtoto shavu. Kwa mkono huu.

Nyumbani nikachunga kidogo, makapi makubwa nikawamwagia kuku. Nikakanda, nikafunika na kitambaa, nikaacha unga uumuke. Uliumuka vizuri! Nikaupika kama nilivyofundishwa, makaa chini, makaa juu. Ilipofika saa tisa alasiri mkate ulikuwa mezani, umevimba, umepasuka juu kidogo, ukinukia mpaka Maitu akatoka chumbani bila kuitwa.

"Ati ni wewe umepika hii? Wewe Nyawira?"

"Ni mimi, Maitu."

Nikamkatia kipande cha kwanza. Akakishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaanza kuombea chakula. Maitu alikuwa na maombi marefu. Nilikuwa nikimcheka kichinichini kwa sababu hiyo. Sijamcheka tena tangu siku ile.

Bi Zuhura alikuwa anakuja kuukagua mkate wake, maana aliuona kuwa wake. Nikamsikia uani akisema, "Nyawira, kuku wako wana nini?" Halafu sauti nyingine kabisa: "Nyawira, hili karai lilikuwa na nini?"

Nikamjibu huku natabasamu, mjinga mimi, "Ni rangi ya ngano, Bi Zuhura, nimeitoa yote!"

Mwanangu, sijawahi kuona mama wa umri ule akikimbia. Aliingia mlangoni na kiatu kimoja. Maitu alikuwa amesema amina, ameinua mkate, umefika mdomoni. Bi Zuhura akaupiga. Pa! Alimpiga Maitu mkono, mkate ukaruka ukaangukia ukutani. Mtu mzima amempiga mtu mzima, ndani ya nyumba yake, juu ya chakula alichokwisha kukiombea!

"Umemeza? Wallahi niambie, umemeza?"

"Sijameza," Maitu akasema. Alikuwa ameshika mkono wake, ametoa macho. "Zuhura, ni nini nimekukosea?"

Bi Zuhura alimfuta midomo kwa kanga yake, akampa maji asukutue, ndipo akanigeukia. Marehemu mume wake alikuwa mtunza ghala katika shamba la ngano, na alinieleza kwa maneno machache. Ngano ya kupanda hutiwa dawa, sumu, ili wadudu wasiile ardhini. Na kwa kuwa sumu haionekani, hutiwa na rangi, ili mtu yeyote akiiona, hata asiyejua kusoma, ajue hiki si chakula.

"Lakini niliosha," nikasema. "Mara tatu. Na moto umepita!"

"Rangi ndiyo uliyoosha. Dawa imebaki. Na moto hauui dawa."

Nikachungulia uani. Kuku wanne walikuwa wamelala ubavu, wa tano anazunguka mahali pamoja shingo imepinda. Ngai, Mungu wangu! Nikakaa chini sakafuni. Nilikuwa nimemkatia mama wa mume wangu kifo kwa kisu, nikamwekea kwenye sahani nzuri ya wageni.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko. Bi Zuhura akauliza polepole, "Ulisagia wapi?"

Uji. Nilikumbuka uji, na lile shavu, nikaropoka kwamba unga wa mtoto wa Mama Wairimu ulisagwa nyuma ya ngano yangu.

Sasa nitakwambia jambo ambalo hata mume wangu, babu yako, sikumwambia. Nilipokuwa pale sakafuni, wazo la kwanza halikuwa kukimbia. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nje ya nyumba hii hakuna anayejua. Ngano yangu ilipita tu ndani ya mashine, pengine kilichobaki ni kidogo, pengine hakitadhuru. Nikisema, mji mzima utaniita mwenye sumu, na mume wangu atafukuzwa kazi. Nilikaa na wazo hilo. Si kwa muda mrefu, lakini nilikaa nalo.

Maitu akaniona usoni. Hakupiga kelele. Akasema, "Nyawira, inuka. Utaenda wewe mwenyewe, na utasema kwa mdomo wako. Aibu utaosha kesho. Huyo mtoto anakula saa hii."

Nilikimbia bila viatu. Pale kwenye mashine, iliyokuwa ndiyo kwanza imewashwa tena, nilipiga ukemi mpaka Karanja akaizima, na mashine ile ikizimwa soko zima hugeuka. Nikasema mbele ya watu wote. Nimesaga ngano ya dawa. Nilidanganya ni ya nyumbani. Msichukue unga! Karanja aliziangalia ndoo mbili zilizokuwa zinangoja wenyewe, akaniangalia mimi, na jinsi alivyokuwa mweupe kwa unga, niliona machozi yakimchorea mistari. Hakunitukana. Alisema tu, "Nilikuuliza, mama. Si nilikuuliza?"

Nikaendelea na mbio hadi Kamakwa, nikiuliza njiani kwa Mama Wairimu ni wapi. Nilimkuta jikoni. Uji ulikuwa kwenye kikombe, kikombe kimewekwa ndani ya beseni la maji baridi upoe, na mtoto ameketi mbele yake akipiga meza kwa kijiko, akiudai. Sikubisha hodi. Nilikipiga kikombe, nikapiga sufuria teke, uji ukamwagika jikoni kote.

"Wewe! Unamwaga uji ya mtoto yangu kwa nini? Una wazimu?"

"Amekunywa? Mama, amekunywa?"

"Iko moto, atakunywa aje!"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanizaba kofi ambalo sikio hili bado linalikumbuka baridi ikiingia. Halafu akamshika mtoto, akanishika na mimi, tukalia wote watatu juu ya ule uji.

Unga wote ulizikwa kwenye shimo refu. Mashine ilifunguliwa, ikasuguliwa kila chuma, na Karanja hakusagia mtu siku kadhaa. Na mahindi ya wale wanawake watatu, unajua nani aliyalipa? Maitu. Alifungua ghala lake, akapima mahindi yake ya mwaka ndoo moja moja, akambebesha kila mmoja. Hakuniambia neno. Ningependa angenitukana.

Wiki mbili baadaye akaniita. "Nyawira, ule mkate."

"Maitu, mimi sitapika mkate tena maisha yangu."

"Sasa nani atapika? Mimi ni mgonjwa."

Nilienda na Bi Zuhura kununua ngano ya kula, tukaikagua punje kwa punje. Nikapika. Mkate ulipotoka nikakuta Maitu amealika watu chai: Bi Zuhura, Karanja na Mama Wairimu na mtoto wake. Wote waliutazama ule mkate, nami nilielewa kila mtu anawaza nini. Nikamkatia kipande cha kwanza. Akakishika kwa mikono miwili, akaomba maombi yake marefu, halafu akafumbua macho akaniuliza kwa sauti, mbele ya wote:

"Ngano imetoka wapi?"

Nikajibu. Nikasema duka, nikasema nani aliipima, nikasema nani aliikagua. Karanja akaitikia kwa kichwa, maana safari hii na yeye alikuwa ameikagua. Ndipo Maitu akauma. Akatafuna, akameza, akanywa chai yake. "Imekosa chumvi," akasema, na mimi nikatoka nje nikalia.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na uichukue pamoja na kipimo cha hamira. Ukikuta kitu kimewekwa alama usiyoielewa, usiiondoe kwanza ndipo uulize. Kuna mtu aliiweka akikufikiria wewe, hata kama hakujui. Mimi niliisugua ile alama mara tatu, nikajiona mjanja. Na anayekuuliza swali, kama Karanja, mjibu ukweli hata kama foleni ni ndefu. Na ukiharibu, sema. Usikae na lile wazo la sakafuni. Mimi nimekaa nalo, lina sauti tamu sana.

Haya, nawa mikono. Mungu akubariki na unga wako uumuke, meza yako isipungukiwe na watu wa kukuuliza maswali. Na siku ukikosea, maana utakosea, akupe miguu ya kukimbia na mdomo wa kusema, kabla uji haujapoa.

Sasa niambie. Ngano imetoka wapi?