Neno Faili na Karatasi ya Babu

Muda wote nilioitumikia masjala ya ofisi moja ya serikali hapa Machakos, waraka rasmi ulitutaka tuseme jalada. Hakuna aliyesema. Tangu mkuu wa ofisi hadi mfagiaji, kila mtu alisema faili. Mimi peke yangu niliandika jalada katika daftari la usajili, na wenzangu wakanicheka. Sikujali. Ukoo wa jalada unajulikana: limetoka kwa Waarabu, nao walikuwa wakitaja ngozi, ile inayofunika kitabu na ile inayomfunika mnyama.

Faili lilinisumbua zaidi. Katika rafu ya juu palikuwa na kamusi kuukuu ya Kiingereza, nami niliisoma saa ambazo hakuna aliyehitaji karatasi. Ndipo nilipojua kwamba Waingereza wana faili nyingi, na kwamba si zote ni ndugu. Ile ya karatasi ilitoka katika Kilatini, katika neno lenye maana ya uzi, kwa kuwa makarani wa kale walitunga karatasi kwenye uzi au waya kama mtu atungaye shanga. Uzi huohuo ukazaa faili ya watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine. Lakini faili ya fundi, yaani tupa tunayonolea panga na jembe, haijuani kabisa na uzi. Hiyo ni ya wahenga wa Waingereza wenyewe. Na mwishoni, kwa maandishi madogo, palikuwa na faili ya nne iliyokwisha kufa katika lugha yao: kuchafua, kutia najisi. Niliudhika kuona maneno ya koo mbalimbali yamewekwa chini ya jina moja. Nikajiambia kwamba Kiingereza ni masjala iliyoharibiwa na karani mvivu.

Sisi Wakamba nasi tuna desturi inayompa karani kazi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, na mjukuu huitwa kwa heshima ileile aliyoitwa babu. Basi katika kata moja unaweza kupata majalada mawili yenye jina moja, la mzee na la kijana. Nilijitungia kanuni: kila jalada liandikwe jina la baba kwa wino mwekundu juu ya ganda, ili marehemu asichanganywe na aliye hai. Nilijivunia wino ule mwekundu kuliko barua yoyote ya pongezi.

Mwaka jana jirani yangu wa Kathiani alifariki. Mwili ulikuwa bado mochari wakati binamu zake walipokwenda mahakamani kuzuia mazishi. Walidai kwamba shamba alilokaa na mkewe halikuwa lake. Kwamba babu yao aliwaachia wote, na kwamba marehemu alikuwa mpangaji tu wa huruma yao. Mahakama ilimpa mjane wiki moja alete ushahidi, la sivyo azike mahali pengine.

Mjane alikuja kwangu asubuhi, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu.

"Karani," aliniambia, kwa kuwa kule kijijini hilo ndilo jina langu hata baada ya kustaafu, "ile barua ya babu yake unaikumbuka? Ile aliweka kidole?"

Niliikumbuka. Mzee mwenyewe alikuja nayo kaunta, mjukuu, yaani jirani yangu, kamshika mkono, akatia dole gumba mbele ya chifu na mbele yangu: "Kipande cha upande wa mto ni cha mjukuu huyu mwenye jina langu."

"Nakala yenu iko wapi?"

"Mchwa walikula sanduku lote. Imebaki yenu."

"Basi iko salama, mwaitu," nilimwambia. Kwa Kikamba hilo ni kumwita mama yangu, na halitamkwi ovyo. "Nitaitoa mwenyewe."

Nilivaa koti, nikaenda mjini. Masjala sasa inasimamiwa na binti mmoja mwenye adabu, ambaye faili kwake ni kitu kilicho ndani ya kompyuta. Alitafuta, akaingia stoo, akatoka na jalada la marehemu mikononi. Tulilifungua pamoja. Barua haikuwamo.

"Mzee, haiko," alisema. "Na hakuna ukurasa umetolewa. Namba zinafuatana."

"Imeibwa."

"Namba zinafuatana, mzee." Akasoma ganda. "Huyu ako na jina ya babu yake, sindio? Pengine iliwekwa kwa faili ya babu. Hizo za waliokufa ziko godauni ya chini. Tukiandika ombi leo, kesho kutwa zinafunguliwa."

Nililifunga jalada.

"Binti yangu, kabla hujazaliwa nilikuwa nikitenganisha majina hayo kwa wino mwekundu. Katika masjala yangu karatasi ya mtu haikuwahi kulala kwa mtu mwingine. Ulizeni ni nani ameiuza."

"Ni kuuliza tu, mzee."

"Kuuliza kuna mipaka."

Hakuandika ombi, kwa kuwa mimi, niliyekuwa na haki ya kuliomba kwa niaba ya mjane, nilikataa kutia sahihi. Badala yake niliandika malalamiko ya kurasa tatu kuhusu wizi wa nyaraka, nikayapeleka kwa wakubwa watatu. Wiki ikapita nikisubiri majibu. Binamu walishinda. Siku ya Alhamisi jirani yangu alizikwa katika makaburi ya umma ya mjini, mvua ikinyesha, katekista akiharakisha sala kwa sababu maiti nyingine ilikuwa ikisubiri langoni. Katika jamii yetu mtu huzikwa kwake. Wanaozikwa kule ni wale wasio na mtu.

Nilirudi masjala Jumatatu, nikatia sahihi lile ombi. Ilichukua siku mbili, kama binti alivyosema. Barua ilikuwa ndani ya jalada la babu, karatasi ya mwisho kabla halijafungwa. Juu palikuwa na jina la mtoaji. Chini palikuwa na jina la mpokeaji, na lilikuwa lilelile. Nilikuwa nimesoma la juu tu. Pembeni palikuwa na herufi mbili za mwanzo wa majina yangu na tarehe kwa wino mwekundu. Binti aliipiga mhuri nakala bila kuniangalia.

Nilimkuta mjane akichambua maharagwe. Nilimsomea barua nikiwa nimesimama.

"Kwa hivyo ilikuwa huko wiki ile yote?"

"Ilikuwako."

"Na hakuna mtu alifikiria kuangalia huko?"

Ningeweza kunyamaza. "Msichana wa masjala alifikiria. Mimi nilimkataza."

Aliendelea kuchambua, akatupa punje mbovu moja, mbili.

Nilimweleza utaratibu wa kumfukua marehemu: ombi mahakamani, barua ya chifu, kibali cha afisa wa afya. Nilijitolea kuziandaa karatasi zote.

"Mtu ameshalazwa chini, Karani. Simwamshi ili nyinyi mpange karatasi zenu vizuri." Alinyoosha mkono kuelekea upande wa mto. "Hiyo barua peleka kortini, watoto wangu wakae. Mimi nikifa nitazikwa pale. Yeye ako huko."

Niliipeleka, pamoja na kiapo kinachoeleza kosa lilikuwa la nani. Shamba limerudi kwa mjane na watoto wake. Makaburi ya mjini hayana majina, yana namba kwenye kibao cha bati. Namba ya jirani yangu ninaijua mimi peke yangu, kwa kuwa mjane nilipompa aiandike alisema hana haja nayo.