Msumari wa Pili wa Fundi Makochi

Pale karakana ya makochi palikuwa na fundi mmoja ambaye watu walimwita Nanga, naye hakulichukia jina. Kila mwaka mafundi makochi walipovutana kamba na wachomelea vyuma, yeye ndiye aliyekaa mkiani, kamba imemzunguka kiuno, visigino vimezama ardhini. Mkia ule ndio uliokuwa ufalme wake. Mumewe alizoea kusema aliposa mke, akaletewa nguzo.

Kazini alikuwa na sheria moja: msumari wa kwanza ni salamu, wa pili ndio kazi. Basi asubuhi ya mashindano akafungua kichupa cha niasini, alichouziwa kwa sifa kwamba ni vitamini ya nguvu. Maandishi yakasema kidonge kimoja, baada ya chakula. Nanga akacheka. Kimoja? Akameza viwili, tumbo likiwa tupu kama ahadi ya mgombea, akatoka mbio.

Filimbi ikalia! Uwanja ukalipuka!

"Nanga, lala! Lala, dada!"

Akalala kweli, mgongo karibu uguse ardhi, kamba ikakaza. Wachomeleaji wakaanza kusogea kwake, wakitweta, wakiteleza, mate yakiwatoka. Hatua mbili tu zimebaki! Mara masikio yakashika moto. Moto ukashuka shingoni, ukatambaa kifuani, na nyuma yake ukaja muwasho kama jeshi la siafu waliovaa viatu. Nanga akauma meno. Akavumilia. Hatimaye mkono mmoja ukaasi, ukaenda kujikuna, na wa pili ukafuata kumtafuta mwenzake.

Timu nzima ikaburutwa kama zulia.

"Moja bila!" wakapiga kelele wachomeleaji. "Nanga imeota kutu!"

Wifi yake, dada wa mumewe, nesi wa zahanati, akafika mbio na kumgusa shavu. "Wifi, umekula nini?"

"Sijala. Nimemeza." Akatoa kichupa mfukoni. "Viwili."

"Viwili! Kimoja tu ni miligramu mia tano. Mwili unataka kama kumi na tano kwa siku, na hizo unazipata kwenye chakula."

"Si vitamini lakini?"

"Na maji si maji? Mbona watu wanazama? Huu moto utapoa baada ya saa moja hivi. Lakini ungemeza hivi kila siku, ungeliharibu ini, na sukari ingepanda. Dozi kubwa namna hii haimezwi mpaka daktari aseme, na akupime damu."

Nanga akainuka aiendee kamba. Dunia nayo ikainuka, ikamzidi kasi. Akaketi kwa kishindo.

"Presha imeshuka. Leo huvuti."

"Na mkiani akae nani?"

Ndipo mama mkwe, aliyekuja kwa shughuli moja tu ya kucheka, akamtupia Nanga pochi. "Shika."

"Mama, wewe?"

"Nimebeba mimba saba na mume mvivu. Kamba ni nini?"

Akaketi mkiani kama anayekalia kigoda chake. Vuto la pili, wachomeleaji wakaja wakiruka! La tatu, Nanga yuko juu ya kiti, anajikuna kwa mkono mmoja na kupunga pochi kwa mwingine: "Vuta! Vuta, mama! Vutaaa!" Wachomeleaji wakaanguka wote, lundo moja. Uwanja ukapagawa!

Nanga akashuka kitini, akaenda kudai chake. "Mama, hongera. Sasa nirudishie mkia wangu."

"Mwakani," akajibu mama mkwe, mkono juu ya fundo la kamba, wala hakulifungua. "Ukishajua kuhesabu mpaka moja."