Mawe Aliyobeba Yaya

Wakati wa uasi dhidi ya serikali tulijificha milimani juu ya kijiji chetu, Makobola: mimi na mtoto wangu mchanga, mama, na kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, aliyerudi kutoka Katanga na kikohozi kisichopona. Ndege za serikali zilikuwa zimepiga kijiji. Bomu moja liliangukia shamba letu la muhogo kando ya ziwa, likazama nusu bila kupasuka. Hakuna aliyethubutu kulisogelea. Muhogo ulikomaa pale chini, sisi huku juu tunachemsha majani ya porini.

Mwenzetu mmoja mafichoni, katekista, alikuwa na redio. Asubuhi moja alitufasiria habari za Kifaransa. Ndege mbili za Wamarekani zimegongana juu ya Hispania, na moja ilibeba mabomu ya atomiki. Yameanguka kwenye kijiji cha wakulima na wavuvi. Ule moto mkubwa wa atomiki haukuwaka, lakini mabomu mawili yamepasuka na vumbi lake la sumu limetapakaa juu ya mashamba ya nyanya, na bomu moja limepotelea baharini. Tena si mara ya kwanza: miaka ya nyuma bomu la namna hiyo lilichomoka kwenye ndege huko huko Amerika, likabomoa nyumba ya mtu.

Yaya akauliza, "Ile bombe wanaitengeneza na nini?"

Katekista akasita. "Ile ya kwanza kabisa, wanasema ilitoka mu mawe ya Katanga."

Yaya akajitazama viganja. Sote tulijua kazi aliyoifanya kule: kubeba magunia ya mawe hayo begani, kifua wazi, na jioni kulala na vumbi lake mwilini.

Tangu hapo akawa anakula peke yake. Nilipompa mtoto ampakate, alirudi nyuma. "Usimulete kwangu. Minye niko na ile vumbi."

"Weye ni mutoto wangu," mama akalia. "Hauko bombe!"

Njaa ikazidi. Maziwa yangu yalikauka, na mtoto hakuwa tena na nguvu ya kulia. Nikachukua jembe nishuke shambani. Yaya akaninyang'anya.

"Kama itapasuka, inipate minye. Weye uko na mutoto."

Tulimtazama kutoka mlimani akichimba polepole kulizunguka lile bomu, akisimama kila kikohozi kilipomshika. Mama alijifunika uso kwa kitenge. Yaya alirudi na kikapu kimejaa, akakitua mbali nasi, akaenda kukaa chini ya mwamba wake. Mtoto alikunywa uji wa muhogo siku ile.

Baadaye redio ikasema Wamarekani wanachota udongo wa kile kijiji cha Hispania, wanautia mapipani, wanaupeleka kwao kuuzika. Yaya alicheka mpaka akatema damu.

"Na ya mu kifua yangu," akasema, "nani atakuja kuichota?"

Hakumaliza masika. Katekista alisema ni kifua kikuu. Mama alisema ni mawe. Daktari wa kutuambia hakuwepo, na hata leo sijui. Tulimzika upesi, maana askari walikuwa wanapanda mlima na risasi zinasikika. Wengine walikwisha kukimbia. Mama alibaki amepiga magoti, akirudishia udongo kwa mikono, nami nikamvuta kwa nguvu, mtoto mgongoni, kaburi halijajaa.